Bomba kwanza, feni baadaye

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa makazi uliwashauri watu wanaosumbuliwa na moshi jikoni watafute feni ya kutolea moshi yenye nguvu kuliko zote watakazoziona, na kwamba bomba la kupitishia moshi ni jambo la kumalizia, la kupitishwa popote litakapoenea. Nisifiche: ushauri wa namna hiyo unanilisha. Mimi ni fundi wa mota ndogo ndogo, yaani feni, pampu za maji na mashine za kufulia, na katika hizo zote feni za jikoni ndizo zinazopita mkononi mwangu zaidi. Nyingi zinaletwa kwamba zimekufa, kumbe hazina ugonjwa wowote. Mwenyewe anasema haivuti. Naiweka mezani, naiwasha, inavuta mpaka karatasi zangu zinaruka. Inarudishwa ukutani, haivuti tena. Hapo mteja huanza kunitazama kwa jicho la shaka, na simlaumu. Kitu kibovu hakikuletwa kwangu. Kimebaki nyumbani, juu ya dari.

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenu kwa nini.

Feni huuzwa kwa kiasi cha hewa inachosukuma, mita za ujazo kwa saa. Nyingine huandikwa lita kwa sekunde, na lita moja kwa sekunde ni sawa na mita za ujazo 3.6 kwa saa. Tarakimu kubwa iliyochapwa mbele ya boksi mara nyingi ni ya feni ikiwa huru, haijafungwa bomba wala chujio, haina kizuizi chochote mbele yake. Ukiifunga nyumbani hupati kiasi hicho. Unapata pungufu, na upungufu huo unategemea njia uliyoipa hewa. Katika kijitabu kile ambacho watu hukitupa pamoja na nailoni ya boksi, watengenezaji makini huchora mstari unaoshuka: upinzani ukipanda, hewa inapungua. Mchoro huo ndio unaosema ukweli wa feni. Feni mbili zenye tarakimu moja mbele ya boksi zinaweza kuwa na michoro iliyoachana mbali kabisa, moja ikikata pumzi mara tu ikutanapo na bomba, nyingine ikiendelea kusukuma.

Kiasi unachohitaji si siri. Mafundi wengi huhesabu kubadilisha hewa yote ya jikoni mara 10 hadi 15 kwa saa. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Zidisha kwa 10 upate 300, zidisha kwa 15 upate 450. Anayechemsha tu abaki karibu na ile ya chini, anayekaanga kila siku apande. Feni ya mita 1,000 haina kazi ya kufanya katika chumba hicho, ingawa nimezifunga za ukubwa huo, maana mteja akishalipia haambiliki.

Mahali feni ilipo, kwa maoni yangu, pana uzito kuliko tarakimu hizo. Mwongozo wa majengo wa Uingereza unataka lita 30 kwa sekunde kama kifaa cha kutoa hewa kiko juu ya jiko lenyewe, na lita 60 kama kiko pengine popote jikoni. Ni mita za ujazo 108 dhidi ya 216 kwa saa. Kazi ni ileile, nguvu inayohitajika ni maradufu. Sababu yake ni kwamba kifaa kilicho juu ya sufuria kinaukamata moshi kabla haujasambaa, na kilicho ukuta wa pili kinasubiri moshi uchanganyike na hewa ya chumba kizima ndipo kiutoe. Huko njiani mafuta yameshatua kwenye makabati na mapazia. Kwa hiyo mtu mwenye uwezo wa kuweka kofia ya moshi juu ya jiko asikimbilie feni ya ukutani kwa sababu tu ni rahisi kufunga.

Kofia nayo ina masharti. Iwe na upana usiopungua upana wa jiko, na ikizidi kidogo kila upande ni bora zaidi, kwa kuwa mvuke hupanuka unapopanda. Isiwekwe juu mno ikapoteza moshi pembeni, wala chini mno ikapata moto. Kwa majiko ya gesi vijitabu vingi hutaja sentimita 65 hadi 75 kutoka juu ya jiko, na cha kufuatwa ni kijitabu cha kofia yako. Watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory huko Marekani wamepima kofia nyingi na kukuta kwamba moshi wa vichomeo vya nyuma hukamatwa vizuri zaidi kuliko wa vichomeo vya mbele, maana kofia nyingi hazifiki mbele ya jiko. Mkaangaji asogeze kikaango nyuma. Hakuna tiba ya moshi iliyo nafuu kuliko hiyo, na sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote.

Sasa bomba. Hapa ndipo ninapopatia riziki, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Chukua mita 300 za ujazo kwa saa uzipitishe kwenye bomba la kipenyo cha milimita 100. Hewa italazimika kwenda karibu mita 11 kwa sekunde, nayo itapiga mluzi na kunguruma. Kiasi hichohicho kwenye bomba la milimita 150 kinakwenda chini ya mita 5 kwa sekunde, kimya. Msuguano ndio unaotisha zaidi: bomba lile jembamba linaipinga hewa hiyo zaidi ya mara saba ya lile pana, ingawa kwa macho tofauti yao ni ya vidole vitatu. Ndiyo maana nasema bomba lichaguliwe kwanza. Feni yenye mdomo wa milimita 150 ikifungiwa kipunguzio ili iingie kwenye tundu la zamani la milimita 100, pesa ya feni imekwenda bure, na ndicho kitu ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote, kwa kuwa kutoboa ukuta upya ni kazi na kipunguzio ni kidogo, kinaenea mfukoni.

Kona zihesabiwe kwa ubahili. Kona moja ya pembe mraba huweza kuipinga hewa kama mita kadhaa za bomba lililonyooka. Ikibidi kukata kona, iwe ya mzunguko mpana, na isifuatane na nyingine papo hapo, wala isikae mdomoni mwa feni ambako hewa bado inazunguka. Bomba la bati laini ndani ndilo bora. Yale mabomba ya kujikunja kama nyoka ni mepesi kufunga, ila mikunjo yake kila mmoja ni kizuizi, na mafuta hukaa humo yasitoke. Kama hakuna budi, litumike la alumini, fupi, livutwe mpaka liwe limekakamaa, lisilegee katikati likafanya bonde. La plastiki lisisogezwe karibu na jiko kabisa. Mama mmoja aliniita baada ya kubadilisha feni na bado anafutia macho kila akikaanga. Nilipopanda darini nilikuta aliyemfungia hakutaka kulikata bomba: lilikuwa limeachwa lote kama lilivyotoka kwenye boksi, limejikusanya nyuma ya kofia, na mwisho wake umesukumizwa ukutani mpaka umebanwa nusu. Nililikata, nikalivuta, nikalifunga kwa vibanio vya chuma. Feni ileile aliyokuwa anataka kuitupa ikaanza kuyumbisha mwali wa gesi, ikabidi tuishushe kasi.

Kuna wanaoishia darini kabisa. Bomba linapenya dari na kuachwa humo, moshi uende utakakojua. Ndugu wasomaji, moshi huo haupotei. Mvuke unalainisha dari na kuota kuvu, mafuta yanajipaka juu ya mbao na nyaya za umeme, na siku ya cheche mmejitengenezea utambi. Hewa itoke nje, chini ya anga, pasipo madirisha ya kuirudisha ndani wala ya jirani. Isiunganishwe pia na dohani ya kifaa kingine kinachochoma gesi, kuni au mkaa.

Aina za feni zimekaa mbili, ukiacha majina ya kibiashara. Ile ya mapanga, inayofanana na feni ya mezani, inasukuma hewa nyingi kama njia ni fupi na wazi, mfano kupenya ukuta moja kwa moja. Ukiipa bomba refu inachoka mara moja. Ile ya ngoma, ambayo ndani ina gurudumu lenye vipande vyembamba vingi vilivyosimama kuzunguka duara, inafyonza hewa katikati na kuirusha pembeni, na ndiyo inayohimili bomba na kona. Muuzaji asipokujulisha, chungulia mdomoni mwa feni. Unazitofautisha kwa macho. Kofia nyingi za moshi zina ngoma. Feni nyingi za ukutani zina mapanga. Shida huja mtu anaponunua ya mapanga na kuitwisha mzigo wa bomba la mita tano.

Halafu zile kofia zisizotoa hewa nje, zinazoivuta, kuichuja kwa mkaa maalumu na kuirudisha chumbani. Zinapunguza harufu na sehemu ya mafuta. Mvuke na joto zinawarudishieni vyote. Hewa chafu ya kaboni monoksaidi inapita kwenye chujio la mkaa kana kwamba chujio halipo. Machujio mengi ya mkaa huo hayaoshwi, hubadilishwa kila baada ya miezi michache kulingana na mapishi, na nimekuta kofia ambazo chujio lake halijaguswa tangu lilipotoka kiwandani. Anayeishi mahali asiporuhusiwa kutoboa ukuta anaweza kulazimika kuichukua. Mwingine yeyote, sioni kwa nini.

Jambo ambalo ukurasa wenu haukuligusa hata kwa sentensi moja ni hewa inayoingia. Feni haiwezi kutoa mita 300 kama mita 300 nyingine hazijapata pa kuingilia. Jikoni pakiwa pamefungwa madirisha na mlango unaobana, feni inalia tu pale juu. Fungua mlango kidogo usikie mlio wake unavyobadilika. Ukibadilika, ujue ilikuwa inanyimwa pumzi. Hewa iingie kutoka upande ulio mbali na feni ili ikivuka chumba ipite juu ya jiko. Dirisha lililo ubavuni mwa feni ya ukutani lifungwe wakati wa kupika, la sivyo feni itavuta hewa ya dirishani na kuitoa hapohapo, moshi ukibaki unawatazama. Watu huniambia hili haliwaingii akilini, kwamba vipi kufunga dirisha kuondoe moshi. Washike kijiti cha ubani kinachofuka katikati ya jikoni, dirisha likiwa wazi kisha likiwa limefungwa, waone moshi unakoelekea.

Na hapa kuna hatari ambayo haina mzaha. Feni kubwa kwenye nyumba iliyofungwa barabara hutafuta hewa popote, hata kwenye dohani ya hita ya maji ya gesi au ya jiko la kuni. Badala ya gesi chafu kupanda na kutoka, inavutwa irudi ndani, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Mwenye kifaa cha namna hiyo kilicho wazi kwa hewa ya chumba afunge madirisha na milango, awashe feni kasi ya juu kabisa, awashe hita, kisha baada ya dakika chache alete kijiti kinachofuka karibu na mdomo wa dohani. Moshi ukivutwa ndani ya dohani, ni dalili njema. Ukisukumwa chumbani, azime vyote viwili, afungue madirisha, na feni isitumike na hita hiyo mpaka fundi wa gesi aipatie chumba njia ya kudumu ya kuingizia hewa. Feni ya kawaida pia haimpi mtu ruhusa ya kuwasha mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 katika mwaka 2020, vingi vikitokana na kuni, mkaa na mafuta ya taa. Mwali safi wa gesi nao, usio na moshi wa kuonekana, hutoa naitrojeni dayoksaidi inayowasumbua wenye pumu. Hivyo feni iwashwe hata kama mnachemsha maji tu. Iwashwe kabla ya jiko, ili hewa ianze kusogea, na iachwe dakika 10 au 15 baada ya jiko kuzimwa.

Hilo la kuiwasha linanileta kwenye kelele. Wengi wana feni nzuri wasiyoiwasha kwa sababu haisikilizani na mazungumzo. Desibeli zinazoandikwa kwenye boksi zisomwe pamoja na kasi zilikopimiwa, maana muuzaji hupenda kuonyesha za kasi ya chini pamoja na hewa ya kasi ya juu. Ongezeko la desibeli 10 sikio hulichukua kama kelele imezidi mara mbili hivi. Nunua feni itakayomaliza kazi yako kwa kasi ya katikati, uiache ya juu kwa siku za kuunguza. Mahitaji ya nguvu hufuata kasi kwa namna ya ajabu: kwa kanuni ya feni, mapanga yakizunguka nusu ya kasi, hewa inakuwa nusu lakini nguvu inayohitajika kuisukuma inashuka mpaka sehemu moja ya nane.

Dukani mimi ningeangalia mambo ambayo hayajaandikwa kwa wino wa dhahabu. Je, chujio linatoka kwa mkono mmoja? Je, gurudumu linafunguka kwa bisibisi ya kawaida, au limepigwa ribiti ili likiharibika ununue jingine? Je, chujio la akiba lipo, sasa hivi, kwenye rafu? Feni itakayofungwa darini ikitazama chini iwe na beringi za gololi; bushi za kawaida, yaani pete za chuma zisizo na gololi, zimetengenezwa kwa mhimili uliolala, na mhimili ukisimama, mafuta ya bushi hushuka na kuiacha kavu. Kwa mahali penye mvuke na matone, tafuta alama ya IPX4 au zaidi, yaani kifaa kinachohimili maji ya kurukiwa. Taa za rangi, kioo cha kugusa na sauti ya kujibu ukiongea ni vya kwenu. Kioo cha kugusa kikishika mafuta hakijibu, ila hilo ni suala kati ya mnunuzi na kitambaa chake.

Kuhusu matunzo nitasema yale ninayoyaona yakiharibu feni.

Chujio la wavu wa alumini likijaa mafuta, feni inakosa hewa kama vile umeiziba kwa kiganja. Anayekaanga sana alioshe kila baada ya wiki mbili au tatu, wengine mara moja kwa mwezi. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, liloweke, lisuguliwe kwa brashi laini, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kostiki soda isiguse alumini: inaila, inatoka povu, na hewa inayotoka kwenye povu hilo ni haidrojeni, inayoshika moto. Nimeletewa machujio yaliyotobokatoboka kwa namna hiyo na mwenyewe akasifu jinsi dawa ilivyokuwa kali. Machujio ya vibao vya chuma cha pua vilivyopishana ni mepesi kuosha na hayazibi upesi. Ningekuwa nanunua yangu leo, ningechukua hayo.

Kabla ya kugusa chochote kilicho ndani zaidi ya chujio, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha feni. Mapanga yafutwe kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, yote sawasawa. Nasisitiza sawasawa, kwa kuwa mafuta hayajipaki kwa uwiano. Panga moja likiwa zito kuliko mengine feni inatetemeka, mtetemo unakula beringi, beringi inaanza kulia, na mlio huo ndio watu wanaoniita nao wakidhani ni mota. Ukisafisha panga moja tu kwa kuwa ndilo unalolifikia, umezidisha ubaya. Vyuma vidogo vilivyobanwa kwenye gurudumu visitolewe. Havikusahauliwa pale, vimewekwa kusawazisha uzito. Mota yenyewe isimwagiwe maji wala kulowekwa. Vumbi lililonata juu yake litolewe kwa brashi kavu, maana linaizuia isipoe.

Mafuta ya kupikia si mafuta ya mashine. Yakiwekwa kwenye bushi, siku mbili tatu feni inazunguka kwa raha, kisha yanaganda na kuwa gundi, na hapo mhimili unakwama moja kwa moja. Bushi yenye kitundu cha mafuta inataka tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Beringi iliyofungwa pande zote haitaki kitu, ikilia, ibadilishwe.

Feni inayonguruma bila kuzunguka, lakini ukiisukuma kwa kijiti inaondoka, mara nyingi kapasita yake, ile inayoisaidia mota kuanza kuzunguka, imechoka. Ni kifaa kidogo, kinabadilishwa kwa chenye vipimo vilevile, na mtu asikishike kwa mkono kabla hakijamwaga umeme uliobaki ndani yake. Feni iliyokufa kimya kabisa baada ya kupata moto, mara nyingi imekatika fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya nyaya za mota. Baadhi ya mafundi wenzangu huikata na kuunganisha waya moja kwa moja, feni ikafufuka, mteja akashukuru. Fyuzi ile ndiyo iliyokuwa ikimzuilia moto. Ikikatika kuna sababu, ama beringi imekaza au mota imezibwa na mafuta, na mota isiyo na fyuzi itaendelea kupata joto mpaka mafuta hayo yawake. Mteja ana haki ya kuuliza: umeweka fyuzi mpya, ya nyuzijoto zilezile? Fundi akijibu kwamba haina haja, feni irudishwe mezani.

Nje nako kukaguliwe. Vibao vya plastiki vinavyofunguka hewa ikitoka hugandishwa na mafuta, vikabaki vimefunga wakati feni inafanya kazi au vimefunguka wakati upepo unarudi. Ndege hupenda kujenga humo. Wavu wenye matundu madogo uliowekwa kuzuia wadudu huziba kwa mafuta haraka kuliko chujio la ndani. Wenye matundu mapana kidogo, unaofikika kwa ngazi, unatosha. Karatasi laini ikishikwa kwenye mdomo wa feni itang'ang'ania hata kama hewa ni kidogo, kwa hiyo isiwe ndiyo kipimo pekee. Nendeni nje mkashike kiganja mbele ya tundu, mlinganishe na mlichokisikia wiki feni ilipokuwa mpya.

Na mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zimeni jiko na feni, mfunike kikaango kwa mfuniko mkiweza kukifikia bila kuungua, msimwage maji. Feni ikiachwa inazunguka inauvuta mwali ndani ya bomba, kwenye mafuta ya miezi yote ambayo hakuna aliyeosha. Moto ukishaingia bombani, tokeni, mwite zimamoto.

Ndugu Mhariri, najua barua hii ni ndefu kuliko nafasi mnayotoa. Mkilazimika kukata, kateni habari za kelele, za dukani, hata hesabu zangu za mabomba. Aya ya hita ya gesi na ile ya fyuzi ya joto naomba ziachwe zilivyo.

Ni mimi,
Fundi wa mota na feni, msomaji wenu